Majirani Wamarekani wa Imbaseni

Mtu akitoka Arusha na kuishika njia kuu iendayo Moshi, mlima Meru ukiwa mkono wake wa kushoto, atapita Tengeru na Usa River, kisha atafika pande za Maji ya Chai. Huko ndiko kiliko kijiji cha Imbaseni. Ni kijiji cha wakulima kama vijiji vingine vya Wameru: mahindi, maharage, migomba, ng'ombe wachache zizini, na vumbi jingi wakati wa kiangazi. Walakini humo mna boma moja ambalo kuta zake zimechorwa picha kubwa za rangi, nyuso za watu weusi mashuhuri wa Marekani na wa Afrika. Na mgeni azionaye kwa mara ya kwanza husimama na kuuliza ni nani aliyejenga hapa.

Waliojenga ni Wamarekani, mume na mke, Pete O'Neal na Charlotte Hill O'Neal. Walifika katika nchi hii mwaka 1972, nao hawakuja kama watalii, wala kama wamisionari, wala kama wenye mashamba ya kahawa. Walikuja kwa sababu mume alikuwa ameikimbia hukumu ya mahakama ya kwao. Wamarekani wenzao weusi wakawafuata kwa nyakati mbalimbali, wengine kwa majuma machache, wengine kwa miaka, na mmoja akafia papo hapo Imbaseni. Katika nyumba zetu watoto huuliza habari za watu hawa, na wazazi huwajibu nusu nusu. Huyu husema ni watu wema waliofundisha vijana bila malipo. Yule husema ni watu wa bunduki waliotoroka kifungo. Maneno yote mawili yana kweli ndani yake. Kwa sababu hiyo tumeona vema kuieleza habari yao tangu mwanzo, ili mtu asinene juu ya jirani yake kwa uvumi.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba Wameru hawakuwa wepesi wa kumpokea mgeni, nao walikuwa na sababu. Kila Mkristo wa mlima huu aijua habari ya Akeri, jinsi wamisionari wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walivyouawa mwezi wa Oktoba 1896 pamoja na Wachaga waliofuatana nao. Kisasi cha serikali ya Wadachi kikaja nyuma yake, watu wakafa, ng'ombe wakatekwa. Kisha ardhi nzuri ya chini ya mlima ikagawiwa walowezi. Hata mwaka 1951, nchi ikiwa mikononi mwa Waingereza, watu wapatao 3,000 waliondolewa kwa nguvu katika Ngarenanyuki, nyumba zao zikachomwa moto, ili Wazungu wapate malisho ya ng'ombe. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alivuka bahari akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York na kuyaeleza mashitaka ya watu wake. Wakili wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda, aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Howard, chuo cha watu weusi kilichoko Washington. Ardhi haikurudishwa mara ile. Lakini wazee walikumbuka kwamba katika siku ya taabu alikuwako mtu mweusi wa ng'ambo aliyesimama upande wao.

Na Wamarekani weupe walijulikana kabla ya hapo. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, wamisionari Wadachi walipokuwa wamefukuzwa, Walutheri wa Sinodi ya Augustana walikuja kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuzitunza sharika za kaskazini zilizoachwa kama yatima. Basi jina la Marekani halikuwa geni masikioni mwa watu. Kilichokuwa kigeni ni aina hii ya Wamarekani walioshuka Imbaseni.

Pete O'Neal alizaliwa mwaka 1940 katika Kansas City, jimbo la Missouri. Ujana wake hakuuficha: mwenyewe ameeleza waziwazi kwamba alikuwa mtu wa mitaani, mwenye kuishi kwa hila na kwa mambo ya aibu, na kwamba alikwisha kupatikana na hatia mahakamani kabla ya kujiingiza katika siasa. Mwaka 1969 akaanzisha katika mji wake tawi la chama kilichoitwa Black Panther, yaani Chui Mweusi. Chama hicho kilikuwa kimeanzishwa Oakland, California, mwaka 1966 na Huey Newton na Bobby Seale, ili watu weusi wajilinde na mikono ya polisi iliyowapiga na kuwaua bila kuulizwa.

Hatutaki kuwapamba watu hawa. Walichukua bunduki hadharani, walisema maneno makali, na damu ilimwagika pande zote mbili. Lakini ni haki kusema pia neno ambalo wengi hawalijui. Mwezi wa Januari 1969 chama hicho kilianza kuwapa watoto wa maskini chakula cha asubuhi kabla ya kwenda shule, bila malipo, na mahali pa kwanza walipokula watoto hao palikuwa kanisani, katika kanisa la Mtakatifu Augustino la Waanglikana kule Oakland. Kazi hiyo ikaenea miji mingi, na Kansas City nayo ikaifanya. Hivyo vijana waliokuwa wakitukana serikali mchana, alfajiri walikuwa wakikaanga mayai na kumimina maziwa kwa ajili ya watoto wa wengine. Mtu ni kitu kigumu kukieleza.

Sasa kosa lenyewe. Kuna miji miwili iitwayo Kansas City, mmoja katika jimbo la Kansas na mmoja katika jimbo la Missouri, nayo imegusana, mpaka ukipita katikati. Kwa sheria ya mwaka 1968 mtu aliyekwisha kupatikana na hatia kubwa hakuruhusiwa kuivusha silaha mpaka wa jimbo. Mwezi wa Oktoba 1969 O'Neal alikamatwa, akashitakiwa kwamba alivusha bunduki ya marisau kutoka Kansas kwenda Missouri. Ni kama mtu angetoka Arumeru akaingia Hai. Hakushitakiwa kwamba alimpiga mtu risasi. Mwenyewe ameshikilia siku zote kwamba alitafutiwa hatia kwa sababu alikuwa akimshutumu hadharani mkuu wa polisi wa mji, Clarence Kelley, ambaye mwaka 1973 alifanywa mkuu wa FBI, idara ya upelelezi ya serikali ya Marekani. Mahakama ilimhukumu mwaka 1970 kifungo cha miaka minne, akaachwa kwa dhamana ili akate rufani.

Akatoroka. Alikuwa na miaka 30, na mkewe Charlotte, msichana wa Kansas City upande wa jimbo la Kansas, alikuwa na miaka 19. Yatupasa kuyafikiri mazingira yao kabla ya kunena. Tarehe 4 Desemba 1969, polisi wa Chicago walivunja mlango usiku wakamwua Fred Hampton, kijana wa miaka 21 aliyekuwa kiongozi wa chama hicho kule, akiwa kitandani mwake. O'Neal aliamini kwamba akiingia gerezani hatatoka hai. Labda alikosea, labda hakukosea. Mwenye kuhukumu na aihukumu hofu hiyo akiwa ameifikiria kwa haki. Walikwenda Sweden, wakatoka huko wakaenda Algeria, ambako wenzao wengi wa chama walikuwa wamekimbilia, na mwaka 1972 wakafika Tanzania.

Nchi hii siku zile ilikuwa na mlango wazi. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alikuwa amewakaribisha wapigania uhuru wa nchi za Kusini, na Wamarekani weusi kwa mamia walikuja kwa hamu, walimu, mafundi na wakulima, wakitumaini kuijenga nchi ya wazee wao wa kale. Wengi walidhani watapokelewa kama ndugu waliopotea. Walipokelewa kwa adabu, ndiyo, lakini kama wageni: hawakujua lugha, walikula peke yao, walizungumza kwa sauti kubwa, na watoto wa kijijini waliwaita Wazungu. Neno hilo liliwachoma mioyo wengi wao. Mtu amevuka bahari kwa sababu kwao ameambiwa si mtu kamili kwa weusi wake, kisha afika Afrika mtoto amwite Mzungu!

Ndipo likaja jaribu la mwaka 1974. Mwezi wa Mei, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa sita wa Waafrika wa dunia yote uliofanyika Dar es Salaam mwezi wa Juni, silaha zilionekana bandarini katika mizigo iliyoletwa na Wamarekani weusi. Serikali ikaingiwa na shaka. Wengi walikamatwa na kuhojiwa, na wengine wakatazamwa kwa jicho baya hata wakaona heri kuondoka. Jumuiya ile kubwa ikapungua kama maji ya mfereji wakati wa kiangazi. Pete na Charlotte walibaki. Mtu aweza kusema hawakuwa na mahali pa kurudi, na kwa habari ya mume ni kweli. Lakini mke hakuwa na hukumu juu yake, njia ya kwenda kwa mama yake ilikuwa wazi, naye alibaki.

Wakashika shamba Imbaseni. Hapakuwa na umeme wala maji ya bomba. Wakafyeka msitu, wakafyatua matofali na kujenga kwa mikono yao. Wakalima, wakafuga, wakashindwa, wakaanza tena. Hizo ndizo sura za habari yao zisizo na picha ya filamu, na kwangu mimi ndizo zenye uzito. Maana katika Umeru mtu hajulikani kwa maneno yake. Hujulikana kwa mpaka wake, kama amepanda masale mahali palipo haki au amevuta kidogo kuelekea kwa jirani. Hujulikana msibani, kama amekuja kuketi na wafiwa au ametuma salamu tu. Hujulikana kwa kula: akiandaliwa loshoro, je, huonja kwa ncha ya ulimi, ama hula mpaka chungu kifunikwe? Kansas City haikuwafundisha mambo haya. Walifundishwa na majirani, polepole, kwa miaka mingi, na ajuaye maisha ya kijiji ajua kwamba masomo hayo hayana cheti.

Mwaka 1991 boma lao wakalifanya kituo cha watu wote, wakakiita United African Alliance Community Center, yaani kituo cha jamii cha muungano wa Waafrika. Si kituo cha kanisa, na tusiseme kwamba ni cha kanisa. Humo vijana walifundishwa Kiingereza, kazi za kompyuta, uchoraji, muziki na mengine, wala hawakutozwa karo. Baadaye, mnamo mwaka 2008, wakaanzisha nyumba ya watoto waliokosa msaada, wakaiita Leaders of Tomorrow, viongozi wa kesho, wakawatunza humo watoto zaidi ya ishirini. Msomaji ataona kwamba ni kazi ile ile ya Kansas City, chakula cha asubuhi cha watoto, ila bunduki imeondolewa. Sidhani hili limetokea kwa bahati. Kitu chema kilichokuwamo katika ujana wao kilibaki, na makapi yakapeperushwa na upepo wa Meru.

Charlotte, ambaye watu humwita Mama C, akawa mchoraji, mtunga mashairi na mpiga muziki. Alijifunza nyatiti, kinanda cha nyuzi cha Wajaluo, ambacho kwa desturi ya kale wanawake hawakukipiga. Wazee wengine watasema hilo si jema. Mimi nasema kila mtu aulizwe kama amejifunza vizuri, na huyu alijifunza. Mwaka hata mwaka alisafiri Marekani, akisimulia vyuoni na katika kumbi za watu habari za Imbaseni, akiomba msaada kwa ajili ya kituo, kisha akarudi kwa mumewe.

Yatupasa sasa kumtaja yule aliyefia huku. Jina lake Elmer Pratt, akaitwa pia Geronimo ji-Jaga, mzaliwa wa Morgan City, Louisiana, mwaka 1947. Alikuwa askari katika vita vya Vietnam, kisha akawa kiongozi wa Black Panther kule Los Angeles. Mwaka 1972 alipatikana na hatia ya kumwua mwanamke mmoja, mwalimu, aliyepigwa risasi Santa Monica mwaka 1968. Pratt alisema siku ile alikuwa Oakland, mbali sana. Alikaa gerezani miaka 27, na miaka 8 ya kwanza katika chumba cha peke yake. Mwaka 1997 hakimu aliibatilisha hukumu, kwa sababu ilionekana kwamba shahidi mkuu wa mashitaka alikuwa mtoa habari kwa polisi na FBI, na jambo hilo lilifichwa wasilijue wazee wa baraza waliomhukumu. Serikali ikakubali mwaka 2000 kumlipa dola milioni 4 na nusu. Tumesema mara nyingi katika kurasa hizi habari za Yusufu gerezani. Yuko huyu aliyefungwa muda mara nyingi zaidi ya ule wa Yusufu.

Mtu kama huyo angeweza kukaa mahali popote duniani. Alikuja Imbaseni, jirani na O'Neal, akashirikiana naye katika kazi ya kituo. (Vijana wetu wapendao muziki wa Marekani watashangaa kusikia kwamba ndiye aliyekuwa baba wa ubatizo wa mwimbaji Tupac Shakur.) Akafa huko kijijini tarehe 2 Juni 2011, akiwa na miaka 63. Magazeti makubwa ya New York na Los Angeles yakaandika habari za kifo chake, na wasomaji wao wakasoma, pengine kwa mara ya kwanza, kwamba kuna vijiji chini ya mlima uitwao Meru.

Basi Pratt alihesabiwa haki na mahakama, na O'Neal hakuhesabiwa. Hapo ndipo penye fundo la habari hii. Mwanasheria mmoja, Paul Magnarella, aliishika kesi ya O'Neal bila malipo, akaomba mahakama za Marekani ziitazame upya, akionyesha kasoro zilizomo. Mahakama zilimkatalia: mtoro hawezi kuomba haki akiwa mbali, sharti ajitoe kwanza mikononi mwa sheria. Magnarella akaandika kitabu juu ya habari hizo, kilichotolewa mwaka 2020. Tena Emanuel Cleaver, mchungaji wa Kimethodisti aliyekuwa meya wa Kansas City na baadaye mbunge, ambaye ni wa ukoo mmoja na O'Neal, alimsemea pia. Msamaha haukutoka.

Wasomaji wetu wanaojua Maandiko watakumbuka miji ya makimbilio katika Torati, ambako mtu aliyeua pasipo kukusudia alikaa mpaka kuhani mkuu afe, ndipo akarudi kwao. Muda wake ulikuwa na mwisho. Tena watamkumbuka Onesimo, mtoro aliyerudishwa kwa bwana wake na waraka mkononi. Je, O'Neal angefanya kama Onesimo? Wako Wakristo wema wasemao ndiyo, angekwenda, akamaliza miaka yake minne, akawa huru tangu zamani. Sheria ni sheria, wasema, na aliyeivunja hatakasiki kwa kulima shamba nchi nyingine. Neno lao si la upuuzi. Lakini Onesimo alikuwa na Paulo wa kumwandikia waraka, na Filemoni wa kuusoma kama ndugu. Ninyi mwonao kwamba jambo ni jepesi, mseme Filemoni wa Kansas City alikuwa nani katika mwaka 1970. Mimi sikumwona. Naona badala yake kwamba kifungo cha miaka minne kimezaa uhamisho wa miaka zaidi ya arobaini, na ya kuwa uhamisho huo mtu aliutumia kwa kuwafundisha watoto wa Wameru.

Wanavijiji wa Imbaseni hawakungoja mahakama. Hawakusema kwamba hana kosa, maana hawakuwako Kansas. Wala hawakuihukumu Marekani. Walimwangalia jinsi alivyokaa nao, wakamwita mzee, na kwa mtu wa huku jina hilo halipatikani kwa kununua. Babu za baadhi yao walikuwa wameona nyumba zao zikichomwa Ngarenanyuki kwa amri iliyopigwa mihuri yote ya serikali. Watu wa namna hiyo huisikiliza kwa subira habari ya mtu aliyegombana na serikali.

Mwaka 2004 ilitolewa filamu juu ya O'Neal, A Panther in Africa, na kwa hiyo wageni wakazidi, hata wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wakawa wanakuja kukaa siku kadhaa Imbaseni. Lakini wageni waliokuwa na maana kuliko wote walikuwa vijana weusi wa Kansas City wenyewe, walioletwa katika safari za kubadilishana, wengine hawakuwahi kutoka katika mji wao. Walilala katika boma lile lenye kuta za picha, wakatembea vijijini, na mzee aliwauliza habari za mitaa ambayo wao walikuwa wameiacha siku chache tu zilizopita, na ambayo yeye hakuiona tena tangu mwaka 1970.